Nembo ni Deni

Ndugu wasikilizaji, wiki mbili zilizopita alinitembelea mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ambaye yuko chuoni anasomea sanaa ya ubunifu. Baada ya kuamkiana na kunywa chai, alifungua jalada kubwa la kadibodi akatandaza mezani karatasi kumi na mbili. Mwalimu wao alikuwa amewapa zoezi: kila mwanafunzi achague kampuni kubwa ya viwanda, aitazame sura yake mbele ya watu, kisha aichoree sura mpya. Nembo mpya, herufi mpya, rangi mpya, bango la lango kuu, ubavu wa lori la mizigo, sare za wafanyakazi, hata karatasi ya barua.

Mpwa wangu alichagua kiwanda cha nguo. Jina la kiwanda sitalitaja. Nembo yake ya zamani ilikuwa gurudumu lenye meno, katikati yake tumba la pamba, na jina la kampuni limezunguka kama mkufu. Kijana amelifuta gurudumu. Badala yake amechora nyuzi tatu zinazopishana, za rangi ya samawati iliyokoza, na chini yake jina kwa herufi nyembamba zisizo na mapambo. Kwa hakika kazi ilikuwa safi, nami nikamwambia hivyo.

Dada yangu alikuwa amekaa pembeni akichambua mchele. Akaweka ungo chini, akavaa miwani, akazitazama karatasi moja baada ya nyingine. Kisha akasema, "Nzuri, mwanangu. Na mshahara wa baba yako wa ile miezi minane umeuchora wapi?"

Marehemu shemeji yangu alifanya kazi katika kiwanda hicho miaka mingi, upande wa mashine za kufumia. Mitambo iliposimama, kijana huyu alikuwa darasa la pili. Mishahara ya miezi ya mwisho ilibaki kwenye makaratasi mpaka shemeji akatangulia mbele ya haki. Kijana hakujibu kitu. Alikusanya karatasi zake polepole, akazifunga. Jioni nilipomsindikiza kituo cha basi ndipo aliponiuliza, "Mjomba, kwani mimi nasomea kazi ya uongo?"

Sikumjibu siku ile. Nimeona ni afadhali nimjibu leo, mbele yenu, maana swali lake linatuhusu sote tunaonunua vitu madukani kwa kutazama chapa. Je, nembo ya kampuni ni kitu gani hasa? Ni sura ya kweli, au ni kinyago?

Kwanza tusiidharau nembo. Sisi watu wa pwani na bara tumeishi na chapa siku nyingi. Mwanamke anayenunua kanga huitazama rangi, huusoma ujumbe, kisha macho yake hushuka ukingoni kutafuta jina la mwenye mali. Kanga za Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa zimeandikwa "Mali ya Abdulla", na maneno hayo matatu yamewauzia wanawake wa nchi hizi doti nyingi kuliko tangazo lolote. Mnunuzi hajui Abdulla ni nani. Anajua tu kwamba kanga ya mama yake yenye maneno hayo haikuchuja rangi alipoifua.

Chapa nyingine zimeingia mpaka ndani ya lugha. Mtoto akitumwa dukani kununua rangi ya viatu huambiwa alete kiwi, hata kama kopo litakalopatikana ni la kampuni nyingine. Kiwi ni ndege asiyeruka wa New Zealand. William Ramsay, aliyeanza kuuza rangi hiyo mjini Melbourne, Australia, mwaka 1906, aliipa jina hilo kwa heshima ya nchi ya mkewe. Hivyo jina la ndege ambaye wengi wetu hatujapata kumwona limekuwa neno la jikoni kwetu. Huo ndio uwezo wa chapa.

Sasa, hebu twende Ujerumani, ambako kazi hii anayosomea mpwa wangu ilipata mfano wake mkubwa wa kwanza.

Mwaka 1881 yalifanyika mjini Paris maonyesho makubwa ya umeme. Miongoni mwa waliokwenda kutazama alikuwamo mhandisi mmoja wa Berlin, Myahudi, kwa jina Emil Rathenau. Pale aliiona taa ya Thomas Edison wa Marekani. Rathenau alinunua haki za kuitengeneza Ujerumani, na mwaka 1883 akaanzisha kampuni. Miaka minne baadaye, 1887, kampuni hiyo ikabadilishwa jina na kuitwa Allgemeine Elektricitäts-Gesellschaft, yaani Kampuni Kuu ya Umeme. Kwa kifupi, AEG. Kufikia mwanzo wa karne ya ishirini ilikuwa moja ya kampuni kubwa za umeme duniani. Ilitengeneza kila kitu, kuanzia mitambo ya kufua umeme mpaka taa, feni na birika la kuchemshia maji.

Lakini AEG ilikuwa na tatizo ambalo kampuni kubwa nyingi huwa nalo. Haikuwa na sura moja. Nembo ilikuwa imechorwa mara kadhaa na watu mbalimbali, kila mmoja kwa mtindo wake. Taa ilipambwa majani na maua ya chuma kana kwamba inaonea haya umeme uliomo ndani yake. Orodha za bidhaa zilichapishwa kwa herufi za kila aina. Mteja aliyeshika birika na mteja aliyenunua mtambo hawakuwa na njia ya kutambua kwamba vyote viwili vimetoka mlango mmoja.

Mwaka 1907 kampuni ilimwita Peter Behrens iwe kazi yake kushauri juu ya sanaa. Huyu alizaliwa Hamburg mwaka 1868. Alianza maisha kama mchoraji wa picha. Baadaye akajifunza mwenyewe kuchora vyombo, herufi na majumba, na kabla ya kuitwa na AEG alikuwa mkuu wa chuo cha sanaa cha Düsseldorf. Mwaka huohuo, mwezi wa Oktoba, wasanii na wenye viwanda walikutana Munich wakaanzisha chama cha kuunganisha sanaa na kazi za viwandani, nacho kikaitwa Deutscher Werkbund. Behrens alikuwa mmoja wa waanzilishi.

Jambo la kuangalia, na hapa naomba mpwa wangu atege sikio, ni namna alivyopewa kazi. Hakuitwa achore nembo, alipwe, aondoke. Alipewa nafasi ya kuingia ndani. Alichora nembo, ndiyo, na nembo yake ya mwaka 1908 ilikuwa vyumba vitatu vyenye pembe sita, mfano wa sega la nyuki, kila chumba na herufi yake. Alichora herufi maalumu za kampuni. Lakini pia alishika taa akayaondoa majani na maua. Alichora feni upya, akachora saa za ukutani. Mwaka 1909 zikatokea birika zake za umeme, ambazo bado huonyeshwa katika majumba ya makumbusho.

Birika hizo zastahili maelezo kidogo. Behrens hakuchora birika moja. Alichora maumbo matatu ya msingi, akaruhusu metali tofauti na namna tofauti za kuusawiri uso wa chombo, pamoja na vipimo tofauti. Vifuniko, mikono na mirija viliweza kubadilishana. Kwa sehemu chache tu ziliweza kupatikana aina zaidi ya 80, ingawa zilizouzwa zilikuwa takriban 30. Fundi alipata kazi nyepesi, ghala likapunguza vipuri, na mteja akapata cha kuchagua. Huo haukuwa urembo uliobandikwa juu ya kitu. Ulikuwa utaratibu wa kiwanda ulioonekana kwa macho. Usione vyaelea, vimeundwa.

Mwaka huohuo wa 1909 Behrens, pamoja na mhandisi Karl Bernhard, walimaliza jengo la kutengenezea mitambo mikubwa huko Moabit, Berlin. Viwanda vya zamani vilikuwa ama ghala la matofali lenye kiza, ama jengo lililovalishwa nguo za ngome na kanisa ili wapita njia wasijue kuna jasho ndani. Jengo la Behrens lilisimama na nguzo zake za chuma zikionekana, katikati yake vioo virefu vinavyoingiza mwanga hadi kwa mfanyakazi aliye kwenye mashine. Juu ya paji la jengo ikawekwa nembo ya sega la nyuki. Nembo ikasema kampuni hii inauza mwanga, na ndani ya jengo mwanga ulikuwamo.

Katika ofisi ya Behrens walipita vijana waliokuja kujifunza kazi. Watatu kati yao walikuwa Walter Gropius, Ludwig Mies van der Rohe, na Mswisi mmoja ambaye baadaye alijiita Le Corbusier. Wakati ule hawakuwa na jina. Gropius ndiye aliyeanzisha chuo cha Bauhaus mwaka 1919, na Mies akawa mkuu wake wa mwisho kabla hakijafungwa mwaka 1933. Kwa hiyo mengi ambayo mpwa wangu anafundishwa leo, pamoja na zile herufi nyembamba zisizo na mapambo, yana ujamaa na meza zile za Berlin.

Hapa, ndugu wasikilizaji, baadhi yenu mtaniuliza: hayo ya Berlin yanatuhusu nini? Yanatuhusu. Ujerumani ya Behrens ndiyo Ujerumani iliyokuwa ikitutawala. Mwaka 1907 alipoingia AEG, ndio mwaka vita vya Maji Maji vilipozimwa kwa moto na njaa kusini mwa nchi yetu. Na mwaka 1908, ilipotoka nembo ya sega la nyuki, ndio mwaka umeme wa kwanza kwa matumizi ya umma ulipowashwa Dar es Salaam na utawala wa Kijerumani. Umeme huo ulihudumia karakana za reli na sehemu ya mji walikokaa Wazungu. Wengine walitazama mwanga huo kwa mbali. Sisemi kwamba Behrens alihusika na hayo. Nasema tu kwamba taa nzuri na haki ya kuitumia taa ni mambo mawili, na mchoraji huwa na mamlaka juu ya moja tu.

Ukweli huo uliifuata AEG yenyewe. Walther Rathenau, mwana wa mwanzilishi, alikuwa waziri wa mambo ya nje wa Ujerumani alipouawa na wenye siasa kali za kulia mwezi wa Juni 1922. Miaka kumi na moja baadaye Hitler akashika nchi. Kampuni iliyoanzishwa na familia ya Kiyahudi ikaja kutumia kazi za shuruti za wafungwa, Wayahudi wakiwa miongoni mwao, wakati wa Vita Kuu ya Pili. Behrens naye, katika miaka yake ya mwisho, alichora makao makuu mapya ya kampuni hiyo kwa ajili ya Berlin ile aliyoiota Hitler. Jengo hilo halikujengwa, na Behrens alifariki mwaka 1940. Herufi tatu zilizobeba ahadi ya mwanga zilikuwa langoni wakati watu walipokuwa wakifanyishwa kazi kama watumwa. Nembo haikuona haya. Nembo haina macho.

Mwisho wa kisa ni huu. Baada ya vita AEG iliinuka tena, ikakua, ikaelemewa na madeni. Mwaka 1982 ilikwenda mahakamani kuomba nafuu kwa wadai wake. Mwaka 1985 ilichukuliwa na Daimler-Benz, watengenezaji wa magari, na mwaka 1996 ikavunjwa. Lakini ukiingia leo katika duka la vyombo vya umeme utaziona zile herufi tatu kwenye mashine ya kufulia au jiko. Idara ya vyombo vya nyumbani ilinunuliwa mwaka 1994 na Electrolux wa Sweden, na haki ya kutumia jina hilo imekuwa ikikodishwa kwa kampuni mbalimbali zinazotengeneza bidhaa mbalimbali. Kampuni imekufa, jina lake linafanya kazi kama mjane anayelipwa kodi ya nyumba ya marehemu.

Naona mpwa wangu ataniambia, "Mjomba, Behrens alikuwa mtu mzima, mkuu wa chuo. Mimi ni mwanafunzi." Haya, tuwatazame wanafunzi wawili wa Marekani.

Mwaka 1971, katika chuo kikuu cha jimbo mjini Portland, alikuwako msichana aitwaye Carolyn Davidson, mwanafunzi wa michoro. Katika chuo hicho alifundisha uhasibu Phil Knight, ambaye pembeni alikuwa na biashara ndogo ya kuuza viatu vya michezo kutoka Japani. Siku moja Knight alimsikia binti huyu akisema hana fedha za kugharimia somo la kuchora kwa rangi za mafuta. Akampa vibarua vya kuchora kwa malipo ya dola 2 kwa saa. Biashara ilipotaka kutoa kiatu chake yenyewe, Davidson aliombwa achore alama. Alileta michoro kadhaa, na Knight akachagua mmoja bila kuupenda sana, akitumaini ataizoea. Ni ile alama iliyo kama vema ya mwalimu inayoonekana leo ubavuni mwa viatu vya Nike. Davidson alilipwa dola 35.

Watu hupenda kukisimulia kisa hiki kwa kusikitikia zile dola 35, nao wana haki. Ila mwaka 1983 Knight alimwita, akampa pete ya dhahabu yenye alama ile pamoja na hisa za kampuni. Deni likalipwa kwa kiasi fulani, kwa kuwa mwenye deni alikumbuka, wala hakuna mkataba uliomlazimisha. Wanafunzi mnaonisikia, msingoje kukumbukwa. Andikianeni mapema.

Lakini kwangu mimi sehemu nzito ya kisa ni iliyofuata. Katika miaka ya 1990 habari zilienea za hali mbaya na ujira mdogo wa wafanyakazi katika viwanda vya Asia vilivyoshona viatu hivyo, Indonesia ikiwa mojawapo. Waandamanaji waliichukua ile alama, wakaipindua, wakaichora kwenye mabango yao. Mwaka 1998 Knight mwenyewe alisimama mbele ya waandishi wa habari mjini Washington akakiri kwamba bidhaa za kampuni yake zimekuwa na maana moja na ujira wa kitumwa na kazi ya ziada ya lazima, akaahidi mabadiliko. Mstari aliouchora mwanafunzi kwa dola 35 ulikuwa uleule. Kilichobadilika ni kile ambacho watu walikiona ndani yake. Nembo ilikuwa imefanywa shahidi dhidi ya bwana wake.

Mwanafunzi wa pili ni Gary Anderson. Mwaka 1970 alikuwa na umri wa miaka 23, akisomea usanifu wa majengo katika Chuo Kikuu cha Southern California. Kampuni kubwa ya kutengeneza maboksi ya karatasi, Container Corporation of America ya Chicago, ilitangaza shindano kwa wanafunzi. Ilitaka alama ya kuonyesha karatasi iliyotengenezwa kwa kurejeleza karatasi kuukuu. Zililetwa kazi zaidi ya 500. Anderson alishinda kwa mishale mitatu inayofukuzana katika pembetatu, kila mshale umejikunja kama utepe. Alama hiyo haikubaki mali ya kampuni moja. Ikawa ya watu wote. Na kampuni iliyoandaa shindano haipo tena kwa jina lake.

Mnaijua alama hiyo. Geuzeni chupa yoyote ya maji mtazame kitakoni. Mwaka 1988 chama cha wenye viwanda vya plastiki cha Marekani kilianzisha namba za kutambulisha aina za plastiki, kuanzia 1 hadi 7, kikaziweka ndani ya mishale inayofukuzana. Namba hiyo inaeleza tu kitu kimetengenezwa kwa plastiki ya aina gani. Haisemi kwamba kitarejelezwa, wala kwamba kuna mtu mjini kwenu mwenye mashine ya kukirejeleza. Walakini mnunuzi akiiona mishale hujiambia, "Aa, hiki hakiharibu mazingira," akakitupa kwa moyo mweupe. Mwaka 2013 waweka viwango wa Marekani waliamua namba zitiwe katika pembetatu ya kawaida isiyo na mishale, kwa sababu hiyohiyo ya kuwachanganya watu. Hata hivyo vyombo vyenye mishale vingali vimejaa.

Sisi tunalijua somo hili kwa mitaro yetu. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwezi wa Agosti 2017, Tanzania ikafuata tarehe 1 Juni 2019. Hakuna nembo iliyozibua mtaro. Wale vijana wanaopita na viroba mgongoni wakiokota chupa, wakazipime kwa kilo, ndio wanaoilipa ahadi aliyoichora Anderson. Wao hawana nembo, hawana sare, na mara nyingi hawana hata glavu.

Sasa nimrudie mpwa wangu.

Mwanangu, uliniuliza kama unasomea kazi ya uongo. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Walisema pia kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ukizichukua methali hizo mbili juu juu, utadhani wazee walikwisha kuihukumu kazi yako. Mimi sioni hivyo. Ile kanga ya Mombasa ilihitaji maneno yake matatu, kwa sababu bila hayo mama asingeweza kuitofautisha na iliyoigwa. Chapa ni njia ya mwenye mali kusema, "Hiki nimekitengeneza mimi; kikiharibika, mje kwangu." Huo si uongo. Hiyo ni ahadi, na ahadi ni deni. Uongo huanza pale deni linapoandikwa na mtu asiyekusudia kulilipa.

Kwa hiyo mchoraji ana kazi mbili. Ya kwanza ni ile unayofundishwa: mstari uwe safi, rangi isichuje, herufi zisomeke hata na mtu aliye ndani ya basi linalokwenda mbio. Ya pili ni kuuliza. Behrens aliingia kiwandani, akashika birika, akapima madirisha. Kazi yake ya miaka ile ilikuwa na uzito kwa sababu kulikuwa na kitu nyuma ya sega la nyuki. Na pale nyuma ya herufi palipooza, ustadi wake haukuweza kuokoa kitu. Utakapopewa kazi na kampuni kubwa, omba kwanza upelekwe kwenye mashine. Omba ukae saa moja na wafungaji wa mizigo. Uliza mishahara hulipwa tarehe ngapi. Ukiambiwa hayo hayakuhusu, basi ujue umeitwa kupaka rangi ukuta wenye ufa. Unaweza kuupaka, maana nawe unahitaji kula. Lakini usijidanganye kwamba umejenga.

Kuhusu zoezi lako, nina shauri moja dogo. Usilitupe. Zile nyuzi tatu zinapendeza. Lakini ongeza karatasi ya kumi na tatu. Weka hapo ile nembo ya zamani, gurudumu na tumba la pamba, kama ilivyochapwa juu ya karatasi ya mshahara ya baba yako ambayo mama yako ameihifadhi kwenye sanduku. Usiirekebishe. Chini yake andika idadi ya miezi. Mwalimu akikuuliza karatasi hiyo inahusu nini, mwambie ndiyo sehemu ya nembo ambayo hakuna mchoraji anayeweza kuichora upya, ila mwenye kiwanda.

Dada yangu nilimpigia simu jana kumwomba ruhusa ya kuyasema haya hewani. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Sema. Ila waambie mtoto wangu anachora vizuri." Naam, ndugu wasikilizaji, nimesema. Mtoto wake anachora vizuri.

Tukutane tena juma lijalo, inshallah.